Barabara ya lami "inayojiponya yenyewe": inaponya nini hasa, na nini haiponyi

Mwanzoni mwa 2025 ilisambaa habari kutoka Uingereza kwamba wanasayansi wametengeneza lami inayoziba nyufa zake yenyewe ndani ya saa moja, na unajua habari ikitembea huwa inaongezewa chumvi, ikifika kwa mtu wa kumi imeshakuwa ni barabara inayojaza mashimo usiku watu wakiwa wamelala. Kuna walioshangilia, kuna waliosema hiyo ni kamba tu hamna kitu kama hicho duniani. Kiukweli pande zote mbili zimepishana na jambo lenyewe. Teknolojia ipo, imefanyiwa kazi zaidi ya miaka 15 sasa, na kuna kipande cha barabara kuu kilichojengwa nayo na magari yakapita juu yake kabisa. Ila kazi yake sio kuziba mashimo. Kazi yake ni kuufunga ufa ukiwa bado mdogo kiasi kwamba wewe unayepita juu yake hata huuoni.

Hiyo tofauti ndo kila kitu kwenye hii mada.

Tuanze na lami yenyewe, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Kile kitu cheusi unachokanyaga sio kitu kimoja, ni mchanganyiko wa kokoto za saizi tofauti, mchanga, vumbi la mawe na gundi nyeusi inayovishikilia vyote hivyo visiachane. Hiyo gundi ndo bitumeni, inatoka kwenye mafuta ghafi, ni yale mabaki mazito yanayobaki kiwandani baada ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kutolewa. Kwa uzito, mawe ni kama asilimia 95 na bitumeni ni kama asilimia 5 tu, halafu katikati yake kuna vijiuwazi vya hewa. Kwa hiyo humu nikisema lami namaanisha mchanganyiko mzima, nikisema bitumeni namaanisha ile gundi peke yake.

Sasa jiwe halijiponyi. Likipasuka limepasuka. Stori nzima ya kujiponya inatokea ndani ya ile asilimia 5, na inatokea kwa sababu bitumeni haijakaa sawasawa upande wowote, sio kitu kigumu moja kwa moja na sio kimiminika moja kwa moja. Ikiwa ya baridi ukiigonga na nyundo inavunjika vipande. Ikipata joto kidogo inalainika, na ukiiacha kwa muda mrefu inatiririka. Kwenye Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kuna jaribio maarufu lililoanzishwa na profesa Thomas Parnell mwaka 1927, alimimina kwenye faneli ya kioo dutu nyeusi ya jamii ya lami ambayo ukiishika unaona ni gumu kabisa, mwaka 1930 akakata mdomo wa ile faneli, akaiacha idondoke. Tone la tisa lilianguka 2014. Matone tisa kwa zaidi ya miaka 80! Watafiti wa pale walikadiria uzito wake wa kutiririka ni kama mara bilioni 230 ya ule wa maji, lakini inatiririka, haijasimama.

Ukitaka kuielewa bitumeni kwa kitu cha jikoni chukua asali. Asali iliyoganda kwa baridi ukiipitisha kisu alama ya kisu inabaki pale pale, ukiiweka kwenye joto ile alama inajifunga polepole mpaka huoni kisu kilipita wapi, na hukuongeza kitu chochote zaidi ya joto na muda. Bitumeni ndo inafanya hivyo, ila polepole zaidi na kwenye joto kubwa zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo habari nyingi haziwaambii watu ni hili: lami ya kawaida kabisa, isiyo na teknolojia yoyote, tayari inajiponya. Sio uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1967 watafiti wawili, Bazin na Saunier, walitoa ripoti kwamba vipande vya lami vilivyovunjwa maabara vikigusanishwa na kupumzishwa vinarudisha sehemu kubwa ya nguvu yake. Wahandisi wa barabara wanalijua hili siku nyingi maana linawasumbua kwenye hesabu: ukiijaribu lami maabara kwa kuibonyeza mfululizo bila kuipumzisha inakufa mapema sana kuliko inavyokufa barabarani, na moja ya sababu ni kwamba barabarani kuna nafasi kati ya gari na gari, kuna usiku, kuna mchana wa jua kali, na katika vipindi hivyo nyufa changa zinajifunga. Barabara inapumzika na kupumzika kwenyewe ni matengenezo.

Sasa kama lami inajiponya, mbona barabara zinachakaa?

Swali zuri na jibu lake lina vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni mzigo. Kila ekseli ya gari ikipita, lami inajipinda kidogo sana na kurudi, na kila kujipinda kunaacha kijiufa cha kiwango cha kuonekana kwa darubini tu. Gari dogo halina madhara ya maana. Lori ndo lenyewe. Marekani walifanya jaribio kubwa sana kati ya 1958 na 1960 pale Ottawa, jimbo la Illinois, malori yakawa yanazunguka kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa makusudi, na kilichotoka pale ni kanuni ambayo mpaka leo inafundishwa: madhara yanapanda kwa takriban nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Yaani ekseli ikizidisha uzito mara mbili barabara haiumii mara mbili, inaumia kama mara 16. Ndo maana kwenye njia yenye malori mengi yaliyojazwa kupita kiasi nyufa zinazaliwa haraka kuliko zinavyojifunga.

Kipande cha pili ndo chenye utamu, na ndo hasa teknolojia hizi zinachopambana nacho. Bitumeni inazeeka. Ndani yake kuna sehemu nyepesi zenye mafutamafuta na sehemu nzito ngumu, na uwiano wa hizo mbili ndo unaoipa ule uteute wake. Hewa ya oksijeni, joto na jua vinabadilisha zile sehemu nyepesi polepole kuwa nzito. Na inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, kuzeeka kwa kwanza kunatokea siku ileile lami inapopikwa kiwandani kwenye nyuzijoto 150 mpaka 180, kabla hata haijamwagwa barabarani. Baada ya hapo inaendelea mwaka hadi mwaka. Angalia barabara mpya ni nyeusi inang'aa, angalia ya miaka kumi ni ya kijivu na kavu. Ile kavu haiwezi tena kutiririka, na kisichotiririka hakijifungi ufa.

Hapo kuna jambo ambalo ningependa watu walikamate vizuri maana linapotosha sana. Wengi wanasema basi nchi za joto hazihitaji haya mambo, jua linaponya bure. Nusu ya hiyo ni kweli. Joto linaharakisha kujiponya, bitumeni nyingi zinaanza kutiririka vizuri kuanzia nyuzijoto 30 mpaka 70 hivi kutegemea aina, na uso wa lami kwenye jua kali unafika humo bila shida. Lakini joto hilohilo ndo linaharakisha kuzeeka, na likizidi lami inakuwa laini mno, matairi ya malori yanaibonyeza inatengeneza mabonde mawili marefu kwenye njia ya magurudumu. Kwa hiyo jua linatibu huku linazeesha, na kadri miaka inavyoenda upande wa kuzeesha ndo unashinda.

Na ufa ukishindwa kujifunga ndo maji yanaingia. Maji yakipenya yanafika kwenye tabaka la msingi chini ya lami, linalegea, tairi likipita linapiga presha yale maji yanatoka na udongo laini, chini kunabaki utupu, lami ya juu inakosa pa kukalia, inavunjika vipande, magari yanavirusha pembeni na hapo unapata shimo. Ukiangalia mlolongo huo utaona kwa nini hakuna lami inayojaza shimo yenyewe. Kujifunga kunataka pande mbili za ufa ziwe bado zinagusana au zinakaribia sana. Kwenye shimo lami imeshaondoka, haipo, hamna cha kugusana na chochote. Wahenga walishamaliza habari ya ufa na ukuta, na hii teknolojia yote iko upande wa ufa.

Njia ya kwanza: kuipasha moto kutokea ndani

Kama tatizo ni kwamba bitumeni haitiririki, dawa ya moja kwa moja ni joto. Lakini huwezi kuwasha moto juu ya barabara, utaiunguza juu na chini ibaki baridi. Hapa ndo anaingia profesa Erik Schlangen na timu yake ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi. Walichofanya ni kuchanganya ndani ya lami nyuzi fupi nyembamba za chuma, za jamii ileile inayosugulia masufuria. Zikisambaa vizuri, mashine inapita juu ya barabara ikiwa na koili yenye umeme unaobadilika mwelekeo haraka haraka, ile koili inatengeneza uga wa sumaku, uga unasababisha mkondo wa umeme ndani ya zile nyuzi, nyuzi zinapata moto, na bitumeni iliyozizunguka inayeyuka na kutiririka kuingia kwenye ufa. Jiwe lenyewe sumaku haina habari nalo, joto linaanzia palepale kwenye nyuzi, ndani ya gundi inayohitaji kulainika.

Watu wengi wakisikia hivyo wanafikiri kuna waya wa umeme umelazwa chini ya barabara. Hamna. Barabara haina umeme wowote, umeme uko kwenye mashine inayopita juu mara moja moja baada ya miaka kadhaa. Wengine wanaichanganya na zile barabara za kuchaji magari ya umeme yakiwa yanatembea, hizo ni habari nyingine kabisa.

Desemba 2010 waliijenga kweli, mita 400 kwenye barabara kuu ya A58 karibu na Vlissingen. Na hawakuchagua lami ya kawaida, walichagua ile yenye vijiuwazi vingi, kama asilimia 20 ya ujazo wake ni hewa. Waholanzi wanaipenda sana kwenye barabara zao kuu kwa sababu mvua inazama ndani badala ya kusimama juu na kelele za matairi zinapungua, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa, hewa na maji vinaingia kila kona, gundi inazeeka haraka, kokoto za juu zinaanza kung'oka moja baada ya nyingine. Hapo kufufua gundi kabla kokoto hazijang'oka kuna maana sana, na ndo maana jambo hili limezaliwa Uholanzi na sio kwingine.

Schlangen alilionyesha pia jukwaani, kwenye mhadhara wa TEDx Delft 2012, alivunja kipande cha lami mbele ya watu, akakiweka kwenye maikrowevu, na mwisho wa mazungumzo akakitoa kimeshaungana. Maikrowevu nayo ni njia inayofanyiwa utafiti sana, badala ya koili unatumia mawimbi yaleyale ya jikoni, na chuma chochote chakavu kinafaa, vinyweleo vinavyobaki karakana wakichonga vyuma, hata taka za viwanda vya chuma zinazotumika badala ya kokoto.

Mpaka hapo inasikika tamu, sasa tuseme na upande wa pili. Joto lina kiwango chake. Utafiti wa Delft ulikuta kwamba karibu nyuzijoto 85 ndo panaponya vizuri zaidi, ukivuka sana bitumeni inatiririka mpaka inachuruzika chini na kuacha kokoto za juu zikiwa uchi, halafu mchanganyiko wenyewe unatanuka na kujiharibu. Nyuzi zenyewe zikichanganywa vibaya zinajisokota mafundo mafundo, penye fundo panaungua, pasipo na nyuzi panabaki baridi. Na joto la mashine linashuka sentimita chache tu kutoka juu, kwa hiyo ufa ulioanzia chini kabisa ya tabaka la lami, na uchovu wa malori mara nyingi unaanzia huko, mashine inapita juu yake bila kuufikia.

Njia ya pili: kuirudishia mafuta yake

Wengine walilitazama tatizo kwa jicho tofauti. Bitumeni imekauka kwa sababu sehemu zake nyepesi zimepungua, basi mrudishie mafuta. Kumwaga mafuta juu ya barabara kunafanyika, lakini kunaishia karibu na uso tu na kunafanya uso uteleze. Wazo likawa ni kuyaficha mafuta ndani ya lami tangu siku ya kwanza, kwenye vidonge vidogo sana, yatoke pale yanapohitajika.

Hili wazo lina ukoo. Mwaka 2001 timu ya Chuo Kikuu cha Illinois iliyoongozwa na Scott White ilionyesha plastiki yenye vidonge vya gundi ndani yake, ufa ukipita unavipasua, gundi inamwagika na kuganda. Watu wa lami wakaliazima. Alvaro García na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, wakatengeneza vidonge vyenye mafuta ya alizeti, ganda lake ni alginati, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa kahawia wa baharini. Na vidonge hivi havipasuki kwa mpigo mmoja kama watu wanavyodhani. Ndani vina vyumba vingi vingi vidogo, magari yakivikandamiza vinatoa mafuta kidogo kidogo, mafuta yanaingia kwenye bitumeni iliyo jirani, inalainika, inatiririka, ufa unajifunga.

Ugumu wa kutengeneza kitu kama hicho ndo unanifanya niwaheshimu sana hawa watu. Fikiria kidonge kimoja cha milimita chache. Kinatakiwa kivumilie kupikwa kwenye nyuzijoto 160 pamoja na kokoto zinazosagana, kivumilie roli la tani kadhaa la kushindilia, kisipasuke. Halafu kikae kimya miaka mingi. Halafu siku ufa ukija, kiweze kutoa mafuta kwa mgandamizo mdogo wa tairi. Kikiwa imara sana hakitoi kitu, kikiwa dhaifu kinamwaga mafuta yote kiwandani na lami inakuwa laini tangu siku ya kwanza, unapata yale mabonde ya matairi. Kiwango cha mafuta nacho ni hivyohivyo, kikizidi unaua ugumu wa lami.

Hapa ndo tunarudi kwenye ile habari ya 2025. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Swansea na King's College London, pamoja na watafiti wa Chile, wakiwa na Jose Norambuena-Contreras na Francisco Martin-Martinez. Badala ya kutengeneza kidonge walichukua spora za mimea, vipunje ambavyo asili imeshavitengeneza vyenyewe, vidogo kuliko upana wa unywele, vina uwazi ndani na ganda gumu, wakavijaza mafuta yaliyotokana na taka. Kwa msaada wa Google Cloud walitumia pia akili mnemba kuelewa molekuli za bitumeni zinavyofanya kazi, maana bitumeni ni mchanganyiko wa aina nyingi sana za molekuli na kuzichambua kwa mkono ni kazi isiyoisha. Na ile "saa moja" iliyosambaa ni ya kweli, ila ni ufa mdogo sana juu ya uso wa sampuli maabara. Sio shimo, sio barabara.

Kuna jamii ya tatu, ya kubadili bitumeni yenyewe kwa kuichanganyia polima au chembe ndogo mno ili ichelewe kupasuka na iwahi kujifunga, lakini hiyo inaingia kwenye kemia nzito, tuiache hapa.

Wanapimaje hiyo asilimia ya kupona?

Hili nalikazia kwa sababu ndo panapozaliwa vichwa vya habari. Kwa kawaida wanachukua mhimili mdogo wa lami, wanaupumzisha juu ya nguzo mbili, wanausukuma katikati mpaka unakatika, wanaandika nguvu iliyotumika. Halafu wanaunganisha vile vipande viwili, wanavipasha au wanaviacha na mafuta yake, wakishapoa wanauvunja tena. Nguvu ya pili ukiigawa kwa ya kwanza unapata asilimia ya kupona.

Sasa tazama kwa makini. Mara nyingi wanauvunja ukiwa umegandishwa mpaka nyuzijoto 20 chini ya sifuri, ili ukatike kavu, ufa ulionyooka, pande mbili zinazokaa sawasawa. Mhimili uko safi. Hakuna vumbi, hakuna tope, hakuna maji, hakuna oili iliyodondoka kwenye gari bovu. Barabarani ufa wa wiki mbili umeshajaa vyote hivyo, na bitumeni haishikani vizuri na kitu chenye vumbi au maji. Halafu ukirudia kuvunja na kuponya mara kadhaa kile kiwango kinashuka, kila mara kinarudi chini kidogo kuliko kabla. Vidonge vya mafuta navyo vikiisha vimeisha, hakuna anayevijaza tena. Kwa upande huo njia ya joto ina faida, nyuzi za chuma zikibaki nzima unaweza kurudi na mashine tena na tena.

Haya yote hayafanyi utafiti kuwa wa uongo. Maabara inatakiwa ianze na kitu safi ili ijue nini kinasababisha nini. Tatizo ni pale asilimia ya mhimili safi inapogeuzwa ahadi ya barabara.

Uvumi mwingine unaozunguka ni kwamba ndani ya lami kunawekwa bakteria wanaokula ufa. Hao bakteria wapo kweli, ila wapo kwenye zege, sio kwenye lami. Ni kazi ya Henk Jonkers, naye alikuwa Delft hukohuko na pengine ndo maana vinachanganywa, bakteria wanalala ndani ya zege pamoja na chakula chao, ufa ukiingiza maji wanaamka na kutengeneza chokaa inayoziba. Zege ni gumu na halitiririki kwa hiyo linahitaji kitu kipya kikue ndani ya ufa, wakati lami ina gundi inayoweza kutembea yenyewe ukiisaidia. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa mbili tofauti.

Na hiyo habari ya mazingira?

Kila tani ya lami inayopikwa inataka mafuta ya kuchoma ili kupandisha joto, inataka mawe yaliyopasuliwa na kusafirishwa, inataka bitumeni ambayo inatoka kwenye mafuta ghafi yaleyale ambayo dunia inajaribu kupunguza kuyachimba. Barabara ikidumu miaka mingi zaidi kabla ya kuchimbuliwa na kumwagwa upya, vyote hivyo vinapungua kwa pamoja, na foleni za matengenezo nazo zinapungua. Schlangen amewahi kukadiria kwamba lami yenye nyuzi inaweza kugharimu kama asilimia 25 zaidi lakini ikadumu hata mara mbili. Hesabu ikikaa hivyo basi haina mjadala.

Lakini inatakiwa ikae. Chuma kina hewa ukaa yake ya kukitengeneza, mashine ya kupasha inakula umeme mwingi na inatembea taratibu, kwa hiyo faida inategemea umeme umetoka wapi, chuma ni kipya au ni taka, na zaidi ya vyote ile miaka ya ziada imepatikana kweli au imebaki kwenye karatasi. Mimi naona mwelekeo wa kutumia taka, mafuta yaliyotumika, vinyweleo vya karakana, spora, ndo wenye afya zaidi, kwa sababu hauongezi mzigo mwingine ili kupunguza wa kwanza.

Na hakuna hata moja kati ya hizi inayosamehe ujenzi mbovu. Mitaro ikiziba maji yakasimama barabarani, tabaka la msingi likishindiliwa nusunusu, malori yakapita na mzigo mara mbili ya unaoruhusiwa, lami itakatika na vidonge vyake ndani. Nyufa za uchovu wa gundi ndo zinazoponyeka. Barabara iliyotitia kwa sababu udongo wa chini umeshindwa haina ugonjwa wa gundi, ina ugonjwa wa msingi, na bitumeni haifiki huko.

Swali linalobaki wahandisi wanalitafuna ni la mwisho wa maisha. Lami ni moja ya vitu vinavyorudishwa kwenye matumizi kwa wingi sana, inakwanguliwa, inapashwa, inachanganywa na mpya na kumwagwa tena. Ikiwa na nyuzi za chuma ndani, je mashine za kukwangua zitaipokeaje, zile nyuzi zitakatika ziwe fupi mno za kupata moto, zitashika kutu mahali maji yalipopenya? Ikiwa na vidonge, mafuta yaliyobaki ndani yatafanya nini kwenye mchanganyiko wa pili, yatasaidia gundi ya zamani ilainike au yataifanya iwe laini kupita kiasi? Mita 400 zikipasuliwa unajua ya mita 400. Kilomita elfu zikija kuchimbuliwa siku moja ndo jibu la kweli litatakiwa liwe limeshapatikana, na kazi ya kulitafuta inafanyika sasa hivi kwenye sampuli ndogondogo zinazozeeshwa kwa makusudi ndani ya oveni za maabara.